Bunduki Ilikuwa ya Nani

Nesi hakuruhusu mtu kulia sebuleni kwake. Kucheka ulicheka mpaka ukalala kwenye mkeka, kubishana na televisheni ulibishana utakavyo, lakini ukianza kuvuta makamasi alikugeukia akakwambia, "Nje. Ukimaliza urudi." Na watu walitoka. Nimewaona wachimbaji, wanaume wanaoshuka kwenye duara, lile shimo la dhahabu lenye giza, kila siku bila kulalamika, wamesimama barazani wanajifuta uso kwa pindo la fulana, wanasubiri macho yakauke waruhusiwe kurudi ndani.

Nilipanga chumba kwake nilipohamishiwa kufundisha shule ya msingi ya kijiji kile cha machimbo, safari fupi ya bodaboda kutoka Segese, nikakaa miaka mingi kuliko nilivyokusudia. Alikuwa ameshastaafu zahanati, ana duka dogo la dawa mbele ya nyumba, lakini kijiji kizima kiliendelea kumwita Nesi. Hata padri alimwita hivyo. Alikotoka hakupenda kuulizwa, nami sikumuuliza mara mbili.

Kumbukumbu yake ilikuwa ya kutisha. Hakumkumbuka mtu kwa ukoo wala kwa sura. Alimkumbuka kwa namna alivyozaliwa. Mwenyekiti wa kitongoji alimfokea siku moja kuhusu mtaro wa maji machafu. Nesi alimwacha amalize, kisha akamwambia mbele ya watu, "Wewe ulitanguliza matako. Mama yako aliteseka mpaka akasahau jina lake. Punguza sauti." Mwenyekiti alipunguza.

Akina mama walimwogopa. Walisimulia kwamba enzi zake za kazi alikuwa anawachapa makofi ya mapaja wanapokataa kusukuma, na kwamba alikuwa na maneno ambayo hayarudiwi mbele ya wakwe. Lakini wale wale aliowachapa walimkuta baada ya siku chache anabisha hodi kwao, amekuja kwa miguu kwenye jua kali, ameleta kipande cha sabuni, anamfunua mtoto na kukinusa kitovu. Aliiamini pua kuliko macho. "Kidonda kinaweza kudanganya macho," alikuwa akisema. "Pua hakiiwezi." Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na alitoka kabla ya matangazo. Alisali kwa Kisukuma na kugomba kwa Kisukuma. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya maelezo ya dawa.

Kwangu alikuwa mkali na mwema kwa wakati mmoja, na sikuwahi kujua siku hiyo ningempata yupi. Nilipougua malaria alinilisha uji kwa kijiko kama mtoto. Wiki hiyo hiyo alinifungia maji ya bomba kwa sababu niliacha ndoo wazi.

Televisheni yake ilikuwa kubwa kuliko zote za mtaa ule, imefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho yeye tu ndiye aliyekitoa. Jumapili mchana, baada ya misa, kituo kimoja kilirudia kwa mfululizo tamthilia za wiki nzima, na sebule ilijaa. Watoto walikaa mbele kwenye mkeka, akina mama kwenye viti vya plastiki, vijana wa machimbo walisimama dirishani. Kochi la mkono wa kulia halikukaliwa na mtu mpaka Baba Neema afike.

Baba Neema ndiye aliyekuwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na mashine ya kusaga mahindi, na nyumba ya vigae. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule yetu na mjumbe wa kamati ya kanisa. Aliongea taratibu, hakunywa pombe, aliwaamkia wazee kwanza. Ndiye aliyeezeka wodi ya wazazi ya zahanati. Kabla ya mabati yake, wanawake walijifungua huku mvua inawadondokea, na Nesi alikuwa anashika mtoto kwa mkono mmoja na beseni kwa mwingine. Chai ya Baba Neema aliipika Nesi mwenyewe. Hakumwachia mtu mwingine.

Mwaka ule tamthilia iliyowashika watu ilikuwa ya wanafunzi wa sekondari mjini. Kijana mmoja mpole wa kidato cha tatu anachukua bastola ya mjomba wake, anakwenda nayo shuleni na kumpiga mwenzake darasani, mwenzake anakufa. Watu walidhani wataona bunduki kila wiki. Badala yake, sehemu zilizofuata zilionyesha mama wa marehemu akikunja nguo za mwanawe, mama wa muuaji akikosa mtu wa kumuuzia nyanya sokoni, walimu wakitupiana lawama, na kijana mwenyewe kimya mbele ya hakimu. Hapo ndipo sebule ilipogawanyika.

"Anyongwe tu," alisema Dotto, kijana mchimbaji aliyepanga chumba cha uani. "Bunduki haiokotwi kama embe. Aliichukua, aliibeba, alikwenda nayo."

Wiki iliyofuata Dotto huyo huyo aliona jinsi marehemu alivyokuwa anamnyanyasa kijana yule, akabadilika. "Mimi ningempiga mapema zaidi," alisema, na vijana wa dirishani wakacheka.

Baadhi ya akina mama walimlaumu mama wa kijana. Mtoto anakuwa na chuki kiasi kile unalala naye nyumba moja, hujui? Wengine walisema mama hawezi kuona ndani ya kichwa cha mtu. Baba Neema aliweka kikombe chini kila mara kabla ya kusema. "Tatizo ni hivi vipindi. Vinawafundisha watoto. Mtoto wa kijijini angejulia wapi mambo ya bunduki?"

Nesi hakusema. Alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mikono mapajani, anaitazama ile tamthilia kama anavyomtazama mgonjwa. Kulikuwa na mwanamke mmoja mwingine ambaye hakusema kamwe. Aliitwa Mama Shija. Alikaa nyuma kabisa, na kila mama wa muuaji alipotokea kwenye kioo, aliinuka akaenda kukoka moto jikoni ambako moto ulikuwa unawaka tayari.

Nilikuja kuelewa baadaye, maana jambo lenyewe lilikuwa limeshatokea kabla sijahamia. Shija, mwanawe, alikuwa na miaka kumi na sita alipompiga risasi rafiki yake Masanja. Walisoma darasa moja. Asubuhi mapema, Shija alikuwa analinda viroba vya mawe ya dhahabu pale kwenye karasha, na Masanja na wenzake wakaingia kuiba. Wenzake walikimbia. Masanja alipigwa tumboni kwa gobore. Mahakamani Shija alisema gobore aliliokota porini, wakamfunga. Hivyo ndivyo kijiji kilivyosema kwa mdomo. Kwa macho kilisema kingine, nami, mgeni, ilinichukua muda kuyasoma macho hayo. Kila mwisho wa mwezi kijana wa mashine ya mahindi alikuwa anapeleka unga kwa Mama Shija, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mama Masanja hakuwa anakuja kwa Nesi. Alipita nje tu, akielekea kisimani, na Nesi, akimwona kupitia mlango wa duka, aliacha anachofanya na kutoka kumsalimu.

"Mwadila, mayo."

"Mwadila."

Basi. Kisha Nesi alirudi dukani na kuanza upya kuhesabu vidonge alivyokuwa ameshavihesabu.

Ugomvi ulihamia shuleni kwangu. Watoto walianza kucheza ile tamthilia wakati wa mapumziko. Walikata mabua ya mahindi wakayafanya bastola, wakagawana nafasi: wewe hakimu, wewe mama, wewe maiti. Mtoto mmoja wa darasa la nne alikataa kuwa maiti, wenzake wakampiga mpaka akavunjika jino. Mwalimu mkuu akaitisha mkutano wa wazazi.

Walijaa darasa zima, wengine wakakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Wazazi walisema yale yale ya sebuleni, ila kwa sauti kubwa zaidi. Baba mmoja alitaka televisheni zifungwe kijiji kizima. Mama mmoja alijibu kwamba mwanawe ameacha kutoroka shule tangu aone yule kijana amesimama mbele ya hakimu. Dotto, ambaye hana hata mtoto, alisimama kuitetea tamthilia akaambiwa akae. Mwisho Baba Neema, aliyekaa meza ya mbele na mwalimu mkuu, alinyoosha mkono na watu wakanyamaza.

"Hatumlaumu mtu," alisema. "Nesi ni mama yetu. Lakini nyumba yake ndiyo inayokusanya watoto. Napendekeza sebule ile ifungwe kwa watoto Jumapili. Tuwalinde watoto wetu na mambo ya bunduki."

Watu wengi waliitikia. Nesi alikuwa amekaa karibu na mlango, kama kanisani. Nilidhani atatoka. Alisimama akabaki pale pale.

"Mmebishana wiki ngapi hizi," alisema. "Mtoto mbaya, mama mbaya, televisheni mbaya. Mimi nauliza swali moja. Bunduki ilikuwa ya nani?"

Mwalimu mkuu alijaribu kusaidia. "Ya mjomba wake, Nesi. Sehemu ya pili walionyesha."

"Ya kwenye televisheni nimeiona. Nauliza ya hapa."

Mama Shija alikuwa safu ya katikati. Alisema neno moja tu, taratibu, bila kugeuka: "Yaya." Hapana. Alikuwa anamwomba.

Nesi aliendelea. Alisimulia kama anayetoa taarifa ya zamu, bila kupandisha sauti wala kushusha. Asubuhi ile ni Shija mwenyewe aliyemleta Masanja zahanati, amemlaza kwenye toroli la kubebea mawe, analisukuma peke yake. Hapakuwa na kitanda kingine, Nesi akamlaza kwenye kitanda cha kujifungulia. Wakati anamziba Masanja damu, Shija alikuwa amepiga magoti sakafuni anasema neno lile lile: Baba Neema aliniambia ni la kutishia tu, aliniambia halina kitu ndani. Masanja alikata roho kabla gari halijapatikana. Polisi hawajafika, Baba Neema akafika. Alisimama mlangoni mwa wodi. Hakumwomba Nesi kitu. Aliinua macho akatazama mabati, akayatazama kwa muda, akaondoka.

"Polisi waliponiuliza, niliwaambia mtoto hakusema kitu," alisema Nesi. "Nilisema hivyo kwa kinywa changu hiki. Nilifikiria wanawake watakaojifungua kwenye mvua. Sasa wanajifungulia pakavu, na Shija yuko ndani, na nyinyi mnaniambia televisheni ndiyo imewafundisha watoto bunduki."

Akakaa.

Baba Neema hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema Nesi ni mzee, amechoka, tumwombee, na kwamba mambo yaliyokwisha mahakamani hayafufuliwi kwenye mkutano wa shule. Kisha akamwomba mwalimu mkuu afunge kikao kwa sala, na mwalimu mkuu akafunga.

Nje, Mama Masanja alikuwa anamsubiri. Nilikuwa nyuma ya Nesi hatua chache na nilisikia kila neno.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ulikuja kwangu msibani. Ulinishika mkono. Ulimwosha mwanangu."

"Ndiyo."

"Mimi nimemlaani Shija miaka yote hii. Kila asubuhi nikiamka. Mtoto aliyekuwa anakula kwangu." Alirudi nyuma hatua moja. "Baba Neema ni mwizi, nilimjua ni mwizi. Wewe nilikuwa nakuita mama."

Mama Masanja aliondoka, na tangu siku ile alibadilisha njia ya kisimani, akawa anazungukia nyuma ya kanisa.

Kijiji kiligawanyika kuliko kilivyogawanywa na tamthilia yoyote. Wapo waliosema Nesi amefanya jambo la kiume. Wapo waliosema angekaa kimya mpaka kaburini, maana ukweli unaochelewa hivyo unaleta hasara tu. Wengi, nadhani, waliona vyote viwili, kutegemea aliyekuwa anawasikiliza. Nesi alipanda gari akaenda wilayani, akaandikisha maelezo mapya polisi. Baba Neema aliitwa, akahojiwa, akarudi jioni. Tuliambiwa suala linachunguzwa, na hatukuambiwa tena kitu kingine.

Unga wa Mama Shija haukuja mwisho wa mwezi ule. Alikuja kwa Nesi mchana, akasimama kwenye mlango wa duka, wateja wakiwepo.

"Mwanangu alinunua ule unga kwa miaka yake," alisema. "Alikubaliana na Baba Neema. Mimi nilikubali kuupokea ili naye akubali kufungwa. Wewe nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Sasa amefungwa bure."

Nesi alikuwa ameshika chupa ya dawa ya kikohozi ya mteja. Aliiweka chini, akamwelekeza mteja vijiko vya kumpa mtoto asubuhi na jioni, akapokea hela, akarudisha chenji. Mama Shija alikuwa ameshaondoka. Nilimwona Nesi akifunga duka saa ile ile, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla ya jua kuzama.

Sebule iliendelea kuwa wazi Jumapili, lakini haikujaa tena. Dotto alikuja, nami nilikuwepo kwa sababu nilikuwa naishi pale. Kochi la mkono wa kulia halikukaliwa na mtu. Tamthilia ilipofika mwisho, kijana alihukumiwa kifungo, na Dotto akauliza kama ni haki. Nesi alimwambia atoe vyombo. Baadaye wakaguzi walikuja dukani wakakuta leseni ina kasoro. Huenda ilikuwa nayo kweli. Nyingi za kijiji kile zilikuwa nazo. Duka lake ndilo lililofungwa.

Wakati wote huo nilimsubiri aniambie anajuta kusema, au anajuta kuchelewa. Hakuniambia lolote kati ya hayo. Siku moja tu, tukichambua mchicha, aliniambia, "Mwalimu, ukimwosha mtoto aliyekufa unajua uzito wake. Nilikuwa nimemshika Masanja akiwa mdogo na nimemshika akiwa mkubwa. Mabati sijui yana uzito gani." Kisha akanikaripia kwamba natupa majani mazuri pamoja na mabaya.

Nilihamishiwa Shinyanga mjini. Tulipigiana simu kwenye sikukuu, halafu simu zikapungua, kama zinavyopungua.

Mwaka jana nilikuwa natoka sokoni kwa miguu, nikapita nje ya gereza siku ya kuonana na wafungwa. Kulikuwa na foleni ya watu kando ya ukuta, wengi wao wanawake, na watu wengine walikuwa wanatoka. Nilimtambua kwa namna alivyokuwa anatembea, mguu wa kushoto ukiburuzwa kidogo, mkono umeshika kiuno. Alikuwa amekonda mno. Khanga ilimzunguka mara nyingi kuliko zamani.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, Mwalimu. Umenenepa."

Tulikaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai na chapati ng'ambo ya barabara. Nilimuuliza habari za kule. Karasha bado inafanya kazi. Baba Neema amejenga nyumba ya pili. Mama Masanja ana wajukuu. Mama Shija anaumwa miguu, hawezi tena safari, na kwa sababu hiyo yeye Nesi ndiye anayekuja kumwona Shija, ingawa mama mtu hakumtuma na hajamsamehe. Leo ilikuwa mara yake ya kwanza kukubaliwa. Mara zote zilizotangulia Shija alikataa kutoka.

"Ameshakuwa mwanaume," alisema. "Ana ndevu. Sikumjua mpaka alipokaa."

"Mliongea nini?"

Alipuliza chai, akaanza kunieleza. Alimweleza Shija kwamba ameshasema kila kitu, polisi na kijijini. Alimwambia kuna wakili wa msaada wa kisheria hapa mjini ambaye yuko tayari kumsikiliza, ila lazima yeye mwenyewe abadili maelezo yake, aseme gobore alipewa na nani. Shija alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia gobore aliliokota porini.

"Nikamwambia, mwanangu, mimi nilikuwepo, nilikusikia. Akaniambia, 'Nesi, nikigeuza leo, hii miaka yote nimekaa humu kwa ajili ya nini?'"

Mama wa chai alitujazia vikombe bila kuulizwa. Tulikaa tukatazama foleni ikisogea, mtu mmoja anaingia, mwingine anatoka.

"Utarudi tena?" nilimuuliza hatimaye.

"Amesema nisirudi."

Alinyoosha khanga yake, akasimama kwa kushikilia meza, na kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama usoni.

"Lakini alisema hivyo amekaa, Mwalimu. Hakuinuka. Muda ulikwisha, wenzake wote wakainuka, yeye akabaki amekaa mbele yangu mpaka askari alipokuja kumwinua."